Gari la Kumlaza Baba Yenu

Wanangu, mgongo wa baba yenu ndio ulionitoa nyumbani kwetu Shika Adabu, huko Likoni. Nyinyi mliochanga fedha za gari mnaijua nusu ya habari. Nusu ya pili naieleza sasa, na mjukuu wangu Riziki anaiandika kama ninavyoitamka, bila kuipamba.

Ami yenu Bakari, kaka mkubwa wa baba yenu, anaishi ndani kabisa nyuma ya Kinango, na macho yake yamekwisha nuru. Kila anayeshuka pwani hutumwa maneno yale yale: "Mwambieni Hamisi nataka kumsikia akikohoa barazani kwangu." Hana ombi jingine, na umri wao wote wawili si wa kuahirisha mambo. Lakini baba yenu, tangu mzigo wa bandarini umwangukie, hawezi kukaa kitako hata muda wa maharage kuanza kuchemka. Raha yake ni kulala chali, amenyooka, kisigino kisiguse kitu. Akikunja magoti, huumwa siku tatu. Na njia ya kwa Bakari, ukishaiacha lami, ni makorongo matupu. Basi tulihitaji gari lenye kitanda cha kumnyoosha, paa refu ili anayemuuguza asimame na kuswali, na tumbo la chini lililo mbali na mawe.

Jioni kabla ya kuondoka nilimlaza mkekani nikampima kwa doti ya leso mpya, haijakatwa, ingali imekakamaa kwa wanga wa dukani. Nilitia uzi mwekundu penye utosi na mwingine penye kisigino, nikaongeza vidole viwili vya heri.

"Nyanya, tuchukue futi ya fundi," akasema Riziki, ambaye ndiye mwenye leseni na ndiye atakayeshika usukani.

"Futi haimjui babu yako," nikamjibu. "Leso imemgusa."

Alfajiri tulivuka feri ya Likoni tukashika njia ya Kisauni. Saa tatu tulikuwa Frere Town, kwa Bwana Katana, mtu mpole aliyetangaza gari lake kwa jirani wa jirani. Alituamkia vizuri, akatuletea viti na chai ya tangawizi kabla ya kutaja biashara, na hilo nililihesabu kwa upande wake. Gari lenyewe lilikuwa linang'aa, lina zulia, lina pazia. Nilisimama ndani na kilemba changu hakikugusa paa. Nikaitandaza leso kitandani. Uzi kwa uzi, ikaenea na nafasi ikabaki.

"Mama, hili linafika popote," akasema Katana.

"Popote ni wapi? Nyuma ya nyumba yako pana kichochoro cha mchanga na mizizi. Anza hapo."

Akacheka, akampa Riziki ufunguo. Hatua ishirini hazikufika, tukasikia tumbo la gari likikwaruza mzizi mnene kama paja. Riziki akarudi nyuma taratibu. Katana akashuka, akainama, akatazama chini, kisha akajifuta mikono ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Mama, hili ni la lami," akasema. "Nisikudanganye. Nikikuuzia, utanikumbuka kila shimo."

Mwungwana. Nimemwombea apate mnunuzi wa mjini.

Magharibi ilitukuta kwa wifi yangu Mwanakombo, dada wa baba yenu, hapo hapo Kisauni. Mnamjua: mkono wake hautulii na ulimi wake pia. "Wifi, umri huu watafuta gari la kulala? Kwani kaka yangu amekufukuza kitandani?" Nikamwambia anipakulie samaki anyamaze. Asubuhi alinirudishia leso yangu ikiwa imekunjwa vizuri, ina asumini ndani. Nilikuwa na haraka. Nikashukuru, nikaitia mkobani.

Siku ya pili, saa nne, tulikuwa tumeipita Changamwe tumefika Mikindani. Huko alitungoja kijana wa bara aitwaye Njoroge, mwenye uwanja wa magari kando ya barabara ya Nairobi; kwao nyanya huitwa shosho.

"Shosho, hii gari ni noma! Magurudumu yote inavuta, hata kwa matope inapita tu!"

"Sijasikia salamu."

Akavua kofia. "Pole, shosho. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa sema."

Akasema, na ninakiri alisema kweli. Lilikuwa jeupe, refu la kwenda juu. Huko lilikotoka lilikuwa likibeba wazee, na upande mmoja lilikuwa na vishikio vya kujiinulia. Njoroge aliweka kitanda cha mbao kuanzia nyuma ya kiti cha dereva hadi kwenye kabati la jiko lililopigwa skrubu sakafuni penye mlango wa nyuma. Riziki akaliteremsha kwenye njia ya mawe inayoelekea majini, akaingia korongo lililochimbwa na mvua, akasimama katikati kama nilivyomwamuru, kisha akatoka. Gari lilinguruma mara moja tu. Chini halikugusa kitu.

Tukarudi uwanjani, nikapima. Uzi wa kwanza nyuma ya kiti cha dereva, uzi wa pili kabatini, sawasawa.

"Leso haidanganyi," nikamwambia Njoroge. "Tayarisha karatasi."

Adhuhuri ikaingia. Nikataka kuswali humo humo, ili nione kama nafasi ya kusimama kando ya kitanda ni ya kweli. Riziki akaligeuza gari lielekee kibla, nami nikaitandaza leso sakafuni. Paji langu lilipoigusa, lilikutana na kitambaa laini chenye harufu ya sabuni. Leso mpya hainuki sabuni. Nilimaliza sala kwa utulivu, kwa kuwa sala haikatizwi kwa ajili ya gari, kisha nikamwomba Riziki anipigie wifi yangu simu.

"Wifi, leso yangu uliifua?"

"Niliifua! Ningekuacha uende kwa watu na leso iliyokakamaa kama gunia?"

"Na pamba mpya ikifuliwa hufanyaje?"

Akasema polepole, "Inarudi, inapungua."

"Umenipunguzia mume, Mwanakombo!"

"Kaka yangu alizidi urefu tangu zamani," akajibu, na kicheko chake kikajaa gari zima.

Riziki hakucheka. Alitazama kidole cha mguu wake. Njoroge alishindwa kujizuia: "Shosho, leso imekuangusha."

Imeniangusha, kweli. Futi ya fundi ingetupa urefu wa gari, lakini urefu wa baba yenu ulikuwa Likoni, na uzi wangu haukuwa tena na ushahidi. Nikasimama pale nikifikiri. Kisha nikavua viatu, nikapanda kitandani, nikajifunika leso mpaka shingoni, nikalala chali. Njoroge akageuza uso kwa adabu.

Nimelala ubavuni mwa Hamisi tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Kichwa changu kikiwa penye bega lake, nyayo zangu hufika katikati ya miundi yake. Sihitaji uzi wa kuniambia. Nikaweka kichwa palipostahili bega lake, nikanyoosha miguu. Vidole vyangu vikagusa kabati. Miundi yake iliyobaki, na nyayo zake, zingekaa wapi? Angefika kwa Bakari amekunja magoti, na tungemshusha analia.

"Ng'oa jiko," nikasema nikiwa bado nimelala.

"Shosho, jiko ndiyo watu wananunulia hii gari!"

"Mimi nilipika juu ya mafiga kabla mamako hajazaliwa. Lete bisibisi."

Akaileta. Riziki akashika kabati, Njoroge akafungua skrubu, na walipoliondoa nikajisogeza chini kwa mwendo wa miundi na nyayo za baba yenu, nikabaki na shibiri nzima. Nikamlipa Njoroge zile fedha zenu, akanipa karatasi.

Tulirudi alasiri kwa barabara ya Dongo Kundu, bila kungoja feri. Baba yenu alikuwa barazani, amelala mkekani. Tulimwinua, akashika vile vishikio, akapanda mwenyewe. Nilimweleza habari ya leso yote, kwa kuwa nilijua Mwanakombo ameshamweleza.

"Ulilala mbele ya mwenye gari?"

"Nililala."

Akajilaza, akanyooka, akausogeza mguu chini taratibu, akilitafuta kabati kwa kidole. Hakulipata. Akalitafuta kushoto, akalitafuta kulia.

Wanangu, nimejifunza kwamba nilikuwa na kipimo tangu mwanzo, nami nikaenda kukinunua dukani.

"Riziki," akaita.

"Abee, babu."

"Mpigie babu yako Bakari. Mwambie Ijumaa nikishaswali naja." Akafumba macho. "Mwambie naja nimelala."