Nimeendesha gari hadi Buffalo kujua kwa nini baba yangu ana jina la Kigiriki

Wakuu, salaam kutoka Louisville. Haya ni kweli tupu. Pale nitakapozidisha mtapaona wenyewe.

Mimi ni Mkongomani wa Uvira, mweusi mpaka kivuli changu kinanionea wivu. Jina langu la ukoo ni Papadopulos.

Mwaka huu nimemaliza shule ya jioni, miaka minne ya kutoka warehouse moja kwa moja hadi darasani. Siku ya vyeti mwalimu akaita "Papadopulos", ukumbi mzima ukageuka kumtafuta mzungu. Nikainuka mimi na suti yangu ya kijani. Makofi yalisikika Kanada.

Mzee wangu hakupiga makofi. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Highview akasema mtoto aliye tumboni mwa mke wangu asiandikwe jina hilo.

Ngoja niwaeleze. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Kati ya watoto saba wa bibi, Mzee peke yake ndiye aliyepewa hilo. Tulipoletwa Marekani, makaratasi yakaligawa kwetu sote.

Sasa, Uvira kulikuwa na Mgiriki mwenye duka na kamio, yaani lori, naye akiitwa Papadopulos. Wenzake wakamwita Mzee "mtoto wa Mgiriki" maisha yake yote. Mnaelewa walichomaanisha. Hakuthubutu kumuuliza mama yake, hadi bibi akafariki.

Donc, yaani basi, nikaomba off siku tatu.

Nikaanzia Columbus, kwenye sikukuu ya chakula ya kanisa la Wagiriki. Nikamuuliza babu mmoja aliyekuwa anachoma nyama kama anawajua akina Papadopulos. Alicheka nusura aingie jikoni. Akasema maana yake ni mtoto wa padri. Mapadri wao wanaoa, na kila kijiji kilikuwa na padri wake, kwa hiyo wamejaa dunia nzima.

Kumbe kumtafuta mmoja ni kama kusimama sokoni Uvira uite "Bahati". Litageuka soko zima.

Akanipa sahani tatu za nyama na kuniita binamu. Nyama nikala, ubinamu ukanitia wasiwasi.

Nikaendelea hadi North Buffalo kwa shangazi, dada mkubwa wa Mzee. Akanipa fufu, ugali wetu, kubwa kama mlima. Nikamuuliza. Akanawa mikono kwanza.

"Nilikuwa mu ile kamio ya Mugiriki," akasema. "Mama alishikwa na uchungu mu njia ya hospitali. Mugiriki akashusha chumvi yake yote mu mvua, juu tupate nafasi ya kumulalisha. Baba yako akazaliwa mbele hatujafika. Babu yako akasema, sina kitu ya kumupa huyu mutu, nitamupa mutoto jina yake."

Babu mwenyewe, wakuu!

Nikauliza kwa nini hawakumwambia Mzee. Akanishangaa. "Hakuuliza. Tulizani anajua."

Tukampigia simu, shangazi akarudia yote. Mzee akauliza kitu kimoja tu.

"Chumvi yote?"

"Yote, kaka."

"Bon, sawa," akasema. "Mtoto aandikwe."

Funzo langu: waulizeni wazee wakingali mezani, hata kama jibu mnaliogopa. Mzee alibeba aibu ya watu miaka sitini, kumbe ilikuwa shukrani.

Sasa Mzee anataka jina la pili la mtoto liwe Chumvi. Mke wangu amekataa, mazungumzo yanaendelea. Na wewe hapo, jina lako alikupa nani, na kwa sababu gani? Shusha.