Ukingo wa Tangazo la Wapagazi

Sikuota, wala sikuwa na homa. Ilikuwa saa tisa mchana, nyumbani kwangu Migori, mwaka wa pili baada ya Uhuru, na nilikuwa nimeshika mkasi.

Nilikuwa nikikusanya matangazo ya zamani ya serikali, yale yaliyochapwa yabandikwe ukutani bomani. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza mwenyewe kupima karatasi, wino na matundu ya misumari. Siku ile nilikuwa na tangazo nililolipata Homa Bay, lenye orodha ya wapagazi waliokufa katika vita vya kwanza vya Wazungu. Sikuwa na jingine la thamani kama hilo, ila ukingo wa chini ulikuwa umeliwa na mchwa. Nikaukata uwe sawa, nikautia motoni jikoni. Kichwa cha tangazo nilikuwa nimekinakili daftarini. Majina sikuyanakili. Mkusanyaji gani huhangaika na majina?

Nilipoinua macho, kijana alikuwa amesimama mbele ya meza. Nje mvua ilinyesha, lakini shati lake la kaki lilikuwa kavu, na sakafuni hapakuwa na tope. Niamini, niliangalia mara mbili. Alipitisha kidole kwenye orodha, jina kwa jina, mpaka mwisho.

"Mwanangu," akaniambia, mimi mwenye mvi, "mimi nilikuwa hapa chini."

Nikamuuliza yeye ni nani. Akasema ni Odera wa Karungu, na kwao bado wanamngoja. Sisi Wajaluo, mtu akifia mbali na mwili usirudi, tunazika tunda la mti wa yago badala yake. Lakini nani atamzika mtu ambaye habari ya kifo chake haijafika?

"Sasa utaniandika wapi?" akauliza.

Niliinama kutafuta kalamu. Nilipoinuka, hakuwapo.

Kesho yake nilikwenda Karungu. Nilimkuta dada yake, bibi kizee, nikamweleza yote, hata mkasi. Akauliza jambo moja tu: "Alikuwa amezeeka?"

"Hapana, dani," nikamjibu, nikimwita bibi kwa Kijaluo. "Ni kijana."

"Basi ni yeye." Akaagiza tunda la yago likatwe.

Tangazo bado ninalo. Wengi wamelitaka, nimekataa. Kabla ya kukata ukingo ule nilihesabu mistari iliyokuwamo, kila mstari jina la mtu, kama ilivyo desturi yangu: ilikuwa kumi na mmoja. Aliyekuja ni mmoja. Mvua ikinyesha mchana, naweka kalamu mezani na kungoja. Nawe unayekusanya karatasi kuukuu, soma majina kwanza, yote, kabla hujagusa mkasi.