Tamthilia Niliyomsimulia Mama Edani

Nilirudi Tabora kumzika baba nikiwa na riwaya tatu mkobani na filamu nyingi kwenye kompyuta, zile zinazosifiwa kuwa ni za kina. Nilidhani mama, akiwa amekaa eda, angehitaji kitu cha kumshughulisha. Alikuwa haongei. Wageni waliokuja kumpa pole aliwajibu "alhamdulillahi", kisha akaugeukia ukuta.

Nikamsomea kurasa chache za riwaya iliyosifiwa sana tulipokuwa chuoni: mwanamke mmoja mjini, huzuni yake, dirisha lake. Mama akauliza, "Huyu hana jirani?"

Nikasema jirani hajatajwa.

"Ndiyo maana," akasema, akafumba macho.

Alichokitaka kilikuwa sebuleni, kimefunikwa shuka. Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu hapa Gongoni. Kila siku baada ya adhuhuri aliiacha cherehani, akaja kukaa na mama kutazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Alipenda kutabiri kitakachotokea, na karibu kila mara alikosea. Mama alimcheka mpaka machozi. Baba alifariki tamthilia ikiwa haijaisha. Siku ya maziko shangazi, dada yake mkubwa baba, alifika kutoka Igunga, akaifunika televisheni na kutangaza kwamba haitawashwa mpaka eda iishe.

"Imeandikwa wapi, shangazi?" nilimwuliza.

"Imeandikwa kwenye nyumba ya mdogo wangu. Nenda kabandike chai."

Siku chache baadaye mama aliniita karibu. Kutazama kumekatazwa, alisema, kusimuliwa je? Shangazi alikuwa hapo hapo anachambua mchele. Alisikia, akaendelea kuchambua. Mpaka leo sioni mantiki ya tofauti hiyo, lakini mchana huo huo nilikuwa kwenye saluni ya jirani, nimekodolea macho Istanbul katikati ya harufu ya dawa ya nywele.

Sikuipenda. Kila nyumba ina ngazi, hakuna anayekwenda kununua mkaa, na mfanyabiashara mwema ametiwa sauti ile ile ya daktari mwovu, kwa hiyo wakigombana unasikia mtu mmoja akijitukana. Tabora yetu zamani ilikuwa kituo cha misafara. Waliotoka pwani na waliotoka maziwa makuu walitua mizigo hapa, kila mmoja na habari zake. Chuoni niliandika kwa hasira kuuliza kwa nini hatujitengenezei hadithi zetu wenyewe. Sasa mimi ndiye niliyekuwa mchukuzi, na mzigo wenyewe ni wa Waturuki.

"Dada msomi, unatazama kama askari wa doria," mwenye saluni alinitania. "Cheka basi, kucheka hatutozi."

Jioni nilisimulia. Nikijaribu kufupisha, mama ananirudisha: binti alivaa nini, mama mkwe alikaa upande gani. Kisha linakuja swali lake la kila siku: "Baba yako angesema nini hapo?"

Nami nikatabiri kwa niaba ya baba, vibaya kadiri nilivyoweza.

"Huyo naye!" mama alisema. "Yule binti amrudie daktari? Kwa lipi?"

Alikuwa akibishana na mume wake, mimi nikiwa katikati, nimechoka, nisijue kama ninamponya au ninakitonesha kidonda. Ilikuwa ndiyo saa pekee aliyozungumza. Ndiyo maana nilianza kuuogopa mwisho wa tamthilia hiyo. Sikujua mama angebaki na nini.

Na mwisho wenyewe ulikuwa wa hovyo. Daktari mwovu alitubu, nyumba ikarudi kwa wenyewe, waliobaki wakaoana wawili wawili. Riwaya ninazozipenda haziishi hivyo. Nyingi haziishi kabisa, na siku hizo sikuwa na hakika tena kama huo ni ujasiri au uvivu. Nilimweleza mama yote bila kupunguza. Aliyekasirika kwanza ni shangazi.

"Ametubu? Amemtilia mwenzake sumu, halafu ametubu? Wifi, unausikia upuuzi huu?"

"Nausikia. Wametuonea."

Nikangoja aulize baba angesema nini. Hakuuliza. Alishika tasbihi yake, macho yakarudi ukutani, nami nikaanza kukusanya vikombe nipate cha kufanya.

"Kuna nyingine inaanza kesho," mama akasema. "Ya Kikorea. Walikuwa wanaitangaza kabla ya msiba. Baba yako alisema hiyo hataitazama, Wakorea wanalia mno."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nataka kuijua."

Nilikuwa nimechoka mwili mzima. Nikauliza inaanza saa ngapi.

"Saa tisa," alijibu shangazi. "Na usichelewe, mwanzo ndio wenye maana."