Kumshusha Dada Mteremkoni

Dada yangu alifariki alfajiri, na baada ya adhuhuri tulikuwa tumekwisha kumsalia. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Riruta na kaburi lilikuwa wazi. Sikuweza kutulia. Tumefundishwa tusimcheleweshe maiti, nami nilikuwa na nia moja tu: yeye aliyenibeba mgongoni utotoni, nimbebe nikiwa mbele, upande wa kichwa chake, mpaka makaburini.

Njia ya kwetu Kambi Muru huteremka hadi kwenye mtaro, kisha hupanda. Mvua ya jana yake ilikuwa imeifanya iteleze. Kwa desturi yetu mtu hubeba hatua chache, akampisha mwingine, ili thawabu iwafikie wengi. Vijana walijaa na kila mmoja alitaka zamu yake. Bega hili likitoka na lile likiingia, jeneza lilirukaruka kama ungo wa kupepetea mchele. Nami nilizidi kuwahimiza: "Twendeni, twendeni, mvua hiyo."

Karibu na mtaro, sisi wa mbele tuliona ubao wa kuvukia umelowa, tukasimama ghafla. Ndani ya jeneza kitu kikateleza, kikagonga ukingo karibu na sikio langu. Ulikuwa mwili wa dada katika sanda yake.

"Tulieni hivyo hivyo," alisema mwanawe, aliyekuwa mbele pamoja nami. Yeye hufundisha fizikia katika sekondari moja ya Kawangware. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya darasani. "Sisi tumesimama, yeye hakusimama. Ameendelea na ule mwendo tuliompa."

"Mwalimu, hata hapa ni klasi?" kijana mmoja akauliza, wenzake wakaguna.

"Hapa ndipo mtihani. Warefu waje mbele, wafupi waende nyuma, jeneza lilale sawa. Hakuna kupokezana mpaka tuvuke. Mwendo mmoja, pole pole." Kisha akanitazama. "Mjomba, rudi nyuma."

"Huyu ni dada yangu."

"Na ni mama yangu. Wewe ni mfupi, Mjomba."

Nikatoka, nikashika upande wa miguu. Tulishuka kama mtu mmoja. Matone ya kwanza yaliponigonga kofia, nilijizuia nisiwahimize tena. Nilitega sikio kwenye jeneza tangu mwanzo wa ubao hadi mwisho wake. Alhamdulillahi, alilala kimya.

Tulipovuka, mpwa wangu akasema, "Sasa tunapanda. Wafupi mbele."

Nilikwenda mbele kwa pupa, nusura nimkanyage mtu, nikaweka bega palepale nilipopataka tangu nyumbani. Lakini jeneza lilikuwa jepesi mno. Kilima kilikuwa kikali kuliko tofauti ya vimo vyetu, na uzito ulikuwa umewaegemea warefu walio nyuma, niliwasikia wakihema. Nilikuwa kichwani pa dada yangu, na wanaombeba ni wengine. Nikajinyoosha, nikainua bega nimtafute.

"Mzee, usiinue," sauti ikatoka nyuma. "Ukiinua huko, uzito unatujia sisi."

Nikashusha bega, nikaenda nao kwa mwendo wao hadi juu.