Barabara Yenye Uvungu

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikusimulie kuhusu harufu ya leleshwa inapokanyagwa na gari. Leleshwa ni kichaka chenye majani ya kijivu kinachomea sehemu kavu za Bonde la Ufa, na gurudumu likikiponda hutoa harufu kali kama dawa ya kifua. Wengi huipenda. Mimi ikinifikia hukunja vidole vya miguu ndani ya viatu, kama abiria anayetafuta breki asiyokuwa nayo. Nitakueleza sababu bila haraka, kwa maana usipoielewa barabara ile hutaielewa familia yetu.

Tulikaa Kiamunyi, enzi ambazo mahindi yalikuwa mengi kuliko nyumba. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipenda jambo ambalo hakuna mtaani aliyelielewa: kupanda miamba kwa kamba. Alijifunza akiwa chuoni pamoja na rafiki yake Harjit, ambaye familia yake ilikuwa na duka la vitambaa mjini Nakuru. Vipande vya chaki vilivyobaki darasani alivisaga kwa chupa na kuvitia katika kimfuko alichofunga kiunoni, ili viganja visiteleze kwa jasho. Majirani walimcheka waziwazi. "Mwalimu, kwani huko juu ulisahau nini?" mmoja alimuuliza kupitia ua wa michongoma. Mama akamjibu, "Nikikipata nitakuletea." Baba hakucheka, na wala hakupanda. Aliogopa hata ngazi ya kuwekea nyasi darini. Siku za kazi aliendesha lori la maziwa, na Jumamosi alitupeleka sote, Harjit akiwemo, kwa pikapu yake kuukuu hadi kwenye ukuta wa mawe ulio bondeni, chini ya milima ya Kabazi. Tukifika, aliketi akiupa ukuta mgongo na kusoma gazeti mpaka mama ashuke.

Kiangazi cha mwaka nilipokuwa darasa la nne tulikwenda huko karibu kila wiki. Lami iliisha, yakaja mashamba ya makonge, ikaja njia ya ng'ombe, na baada ya hapo njia ilikuwa kichwani mwa baba tu. Udongo wa kule ni majivu ya volkano ya zamani, laini kama unga. Mvua ikinyesha milimani, maji hupita chini kwa chini na kuula udongo kutoka ndani. Juu hubaki gamba zuri lenye nyasi na alama za magurudumu, na chini yake shimo linaloweza kumeza ng'ombe. Jicho halikusaidii hapo. Ndiyo maana wenye magari wa upande ule walibeba mpini wa jembe. Kwenye kila korongo baba alizima injini, akashuka, akaigonga njia kwa mpini huo hatua kwa hatua, nasi tukanyamaza. Ardhi iliyoshiba hujibu kwa sauti fupi na nzito, kama gunia la mahindi. Yenye uvungu huvuma kama mtungi mtupu. Baba aliniita nisikilize, kisha akaniuliza, "Imesema nini?" Nikikosea hakunikaripia. Aligonga tena.

Jumamosi moja mawingu yalitanda juu ya Kabazi tangu mchana na mvua ikaonekana ikinyesha huko, lakini kwetu bondeni halikudondoka hata tone. Mama alikuwa amekaribia kileleni jiwe aliloshika liliponyofoka. Kamba ilimdaka, kwa kuwa Harjit aliyeishika chini hakuiachia, lakini ilimbembeza na kumbamiza ukutani. Nilisikia mfupa kabla sijasikia ukelele. Harjit alimteremsha taratibu, machozi yakimtoka, akirudia, "Niko hapa, mwalimu, niko hapa." Baba alitupa gazeti na kwa mara ya kwanza nikamwona akikimbilia ukuta ule. Wakaunyoosha mguu wa mama, wakaufunga leso juu ya mbao mbili, wakamlaza nyuma ya pikapu juu ya mablanketi. Harjit aliushika mguu usitikisike. Mimi niliketi mbele na baba.

Sikuwa nimewahi kumwona akiendesha vile. Tulipofika korongo la kwanza hakupunguza mwendo. Sauti ya mama, akimwita baba kwa jina langu, ikaja kupitia dirisha la nyuma lisilokuwa na kioo.

"Baba Wangari, gonga kwanza!"

"Tulipita hapa asubuhi, mwalimu. Hizo alama ni zetu."

"Asubuhi ni asubuhi. Gonga!"

"Si unaumia?"

"Naumia, ndiyo. Gonga!"

Hakugonga, na korongo likatupitisha. Nadhani hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu lilimpa baba moyo. Katika la pili nilinusa leleshwa, nikasikia mvumo chini ya miguu yangu, na gurudumu la nyuma likazama. Pikapu ilikaa chini kama ng'ombe anayelala. Harjit alirushwa pembeni, mguu ukamtoka mikononi, mbao zikafunguka. Safari hii mama aliuma ukingo wa blanketi.

Mume na mke waliokuwa wakichunga karibu walikuja na maksai wao wawili. Mume alichungulia shimo akatikisa kichwa. "Boss, hiyo si barabara, hicho ni kifuniko cha sufuria."

"Wewe nawe!" mkewe akamkemea. "Huoni hali ya huyu mathe? Leta mnyororo!"

Walitutoa jua likiwa linatua. Mama alitibiwa, akapona, lakini mfupa uliokuwa umenyooshwa vizuri chini ya ukuta ulikuwa umepishana kule korongoni, na mguu ukabaki mfupi. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia alikuwa baba, na guu lilikuwa la mama.

Mama hakumlaumu hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lililomshinda baba kulibeba. Hakutupeleka tena ukutani. Alianza kugonga kila mahali: njia ya kwenda chooni, langoni, uani mahali mama alipotarajia kuweka fimbo yake. "Baba Wangari, hapo ni simiti," mama alimwambia kwa upole. Aligonga hivyo hivyo. Nilikua nikiamka kwa sauti ile, nikiwa kitandani na kujijibu kimoyomoyo: imeshiba, imeshiba. Kimfuko cha chaki kilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Siku hizi baba hayupo. Kiamunyi imejaa nyumba za ghorofa, na lami imesogea karibu sana na ukuta wa mawe. Vijana huja na ramani kwenye simu, mstari wa buluu ukikata makorongo kana kwamba hayapo. Lakini miti ya milimani imepungua, na chini ya mstari ule majivu yanaliwa kwa kasi kuliko zamani. Binti yangu hupanda ukuta ule, akiwa na kimfuko cha bibi yake kiunoni. Mimi humpeleka, na moyo wangu hautulii mpaka turudi. Mama, akiwa ameegemea fimbo langoni, hatuambii safari njema. Huuliza, "Mpini uko?"

Juzi nikiwa nimesimama kwenye lile korongo la pili, kijana mmoja alipiga honi nyuma yangu. "Mathe, songa tupite! Si unaona alama za magari?" Nilimkabidhi mpini wa baba, nikamwomba agonge mwenyewe pale alama zilipokuwa wazi zaidi. Aligonga mara moja, akanitazama, akagonga tena. Kisha akarudisha gari lake nyuma.

Nawe ukifika kwenye udongo wa majivu baada ya mvua, hata iliyonyesha mbali, usifuate alama, hata zikiwa zako. Zima injini, shuka, gonga, sikiliza. Ikivuma, rudi ulikotoka.