Kome wa Mama na Shaba ya Mkwe

Mama yangu alishuka kwenye lori la samaki wakavu kutoka Pweto akiwa na ndoo moja. Juu kulikuwa na samaki. Chini yao, kwenye mchanga mbichi uliofunikwa kwa gunia, kulikuwa na kome saba wa ziwani, wakubwa kama kiganja, wazima. Nikamuuliza kama ni wa kula. Aliniangalia kama mtu aliyemsikia mwanawe akitukana kanisani. Akasema yeye hawezi kukaa mahali ambapo maji hayana kitu hai ndani, na kwamba atakaa Lubumbashi muda ule ule ambao kome wake watakaa. Wakifa, anarudi ziwani.

Mimi ndiye mtoto pekee aliyebakiwa naye mama. Baba alikuwa ameshafariki, na kule Pweto mama alilala peke yake chini ya bati linalovuja, mguu mmoja umevimba. Kwa hiyo tuelewane. Kome mimi sikuwapenda. Wananuka tope na hawana hata macho ya kukutazama. Lakini kuanzia siku ile niliwatunza kuliko nilivyotunza nywele zangu.

Nyumba tuliyopewa na kampuni ya shaba ilikuwa ya injinia mmoja mgeni, aliyeondoka akaacha barazani tangi kubwa la kioo la kufugia samaki. Sisi tulikuwa tunawekea unga wa mahindi. Mume wangu, ambaye kazi yake kiwandani ilikuwa kuunga mabomba, aliziba nyufa zake na kulisimamisha katikati ya baraza. Mama akamwaga mchanga wa mto, mwingi, maana kome hupenda kujizika na kuacha mdomo tu nje. Maji ya bomba yalinuka dawa, tukawa tunayaacha kwenye beseni mpaka harufu itoke. Chakula chao kilikuwa maji mengine, ambayo tuliyaweka juani uani mpaka yakageuka kijani. Mama aliyaita supu. Wakipewa kikombe, kinamiminwa kutoka juu ili kiingie na hewa. Kome mzima, alinifundisha, hufungua mdomo kidogo kama mtu anayesikiliza umbea, na ukimpitishia kivuli cha mkono anafunga papo hapo. Asiyefunga, kwisha habari yake.

Sasa kulikuwa na jambo la mama na mume wangu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni wala hawasemeshani. Mama alilala kwenye kijumba cha uani, na mume wangu akitokea, alijifunika kitenge na kugeukia ukuta. Mimi nikawa mkalimani wa watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa. Mama akisema uani, "Muambie kuko baridi," mume wangu, hatua chache kutoka pale, ananingoja nifike nimwambie kuko baridi. Nilivumilia, nikachoka, nikawaambia mdomo ninao mmoja tu na wenyewe unataka kula.

Hapo ndipo kome walipopata kazi. Jioni mume wangu alikaa upande mmoja wa tangi, mama upande wa pili, na katikati yao maji ya kijani. Kuonana kupitia maji, kila mmoja aliamua kivyake, si kuonana.

"Kome," mama alisema, "ambieni mwenye nyumba, sombe ya jana ilikuwa na chumvi mingi."

"Kome," mume wangu akajibu kwa heshima zote, "ambieni mama, ni mutoto wake njo alipika."

Na mimi nimesimama pale pale na mwiko mkononi. Walicheka, yule huku na yule kule, kila mmoja akijifanya anachekea samaki ambao hawakuwemo. Niliwanunia siku mbili. Lakini moyoni nilifurahi, maana mguu wa mama ulikuwa umepungua uvimbe na habari za lori alikuwa ameacha kuziuliza.

Mume wangu akataka kumshukuru. Na mtu wa Lubumbashi wa miaka ile, akitaka kumpa mtu heshima, atampa nini? Shaba. Shaba ndiyo ilitusomesha, ndiyo ilitujengea, tulikuwa tunaitundika ukutani karibu na picha ya rais. Aliomba mabaki kiwandani, akagonga na kugonga, akatengeneza sinia pana la shaba lenye samaki waliochorwa kwa msumari, na bomba la shaba la kumiminia supu. Siku ya kuvitia majini alivaa suti yake ya abakosti iliyopigwa pasi.

"Kome," alisema, "hii njo kitanda yenu. Mulalie kwa heshima ya mama."

Mama, nyuma ya kitenge, aliwaambia kome waseme asante sana.

Haikupita wiki, maji yakaanza kuingia rangi ya bluu. Kome wakafunga midomo. Ukiwamiminia supu, hawafungui. Walijikokota mpaka pembe ambako sinia halikufika, wakarundikana huko kama watu waliokimbia mvua. Mama akamchukua mmoja, akamweka kwenye beseni la maji matupu. Kabla ya jua kufika kichwani, kome kafungua mdomo. Akamrudisha kwenye tangi, akafunga. Tukatazamana, tukaelewa: ni shaba.

"Nitamwambia leo akirudi," nikasema.

Alinikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Zawadi ya mukwe hairudishwe. Ukimuambia, mi naenda leo."

Basi akaanza magendo yake. Asubuhi, baiskeli ya mume wangu ikishatoka getini, mama aliwachota kome wote na kuwapeleka kwenye beseni chini ya kitanda chake. King'ora cha kiwanda kikilia jioni, alikuja nao mbio kutoka uani, wameloweshwa ndani ya kitenge, mguu ule mbaya ukiburuzwa nyuma, akawapanga tena juu ya shaba. Mume wangu akifika aliwakuta wamefumba kabisa.

"Kome beko nalala muzuri," alisema kwa furaha. "Kitanda iliwapendeza."

Mimi nilikimbilia jikoni kucheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu hofu ikanishika, kwa sababu niliona mchezo huu hauna mwisho mzuri.

Mwisho ulikuja na likizo yake. Wanaume wengine wakipewa konje huenda kuona ndugu au hunywa bia. Wangu alivuta kiti, akakaa mbele ya tangi kutwa. Aliwalisha mwenyewe. Siku ya tatu alilitoa sinia akalisugua kwa ndimu na mchanga mpaka likawaka, akalirudisha. Upande wa pili mama alikaa, mikono magotini. Nilitamani kupiga kelele. Alinitazama kupitia kitenge, nikameza maneno.

Wa kwanza akaachama, hakufunga tena kivuli kilipopita. Wakafuata wengine. Harufu ilijaa baraza zima. Kome wa mwisho alipokwisha, mama alifunga mzigo wake, na asubuhi iliyofuata lori la Pweto likaja kupiga honi getini. Nilimwomba kwa machozi. Akasema alishatoa neno lake.

Mume wangu alikuwa ameketi mbele ya maji yasiyo na mtu, macho mekundu.

"Kome," alianza, kisha akakumbuka hawapo, akaendelea vile vile. "Ambieni mama asihuzunike. Nitamutengenezea mutungi mukubwa wa shaba, nitamutumia Pweto. Akae anakunywa maji ya mule kila siku."

Mama alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Alisimama. Akaweka mzigo chini, akazunguka tangi, akavua kitenge kichwani na kusimama mbele ya mkwe wake, uso kwa uso. Mume wangu alijifunika macho kwa viganja vyote viwili.

"Baba," mama alisema, "shaba yako njo ilibaua kome."

Viganja vikashuka polepole. Alimtazama kuanzia miguuni mpaka usoni, mtu ambaye alikuwa akizungumza naye kila jioni.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kumbe uko mudogo hivi."

"Ni maji njo ilikuwa inanikuza," mama akajibu. "Sasa ondoka kwa kile kiti, mi nikae. Nimekuambia neno mubaya mbele ya macho. Nikienda leo utawaza nilikasirika."

Akainuka, mama akakaa. Honi ililia tena, na mimi ndiye niliyetoka kumwambia dereva aende zake, huku nalia, naye akafikiri nimefiwa.