Neno Alilonifundisha Dada Kwenye Moshi

Leo sokoni Lizaboni mzee mmoja alifungua furushi la tumbaku, na harufu yake ikanirudisha Namtumbo, kwenye bani letu la kukaushia majani kwa moshi. Dada alikuwa amerudi likizo, na kifua chake kilikuwa kibovu. Tukiwa tunachochea moto, alinifundisha Kiingereza.

“Hurt ni kuumiza,” alisema. “Mwalimu anasema zamani lilikuwa neno la kugonga, kama kondoo dume anavyogonga kwa kichwa.”

“Sasa kondoo anajua kama anaumiza?”

“Kamuulize kondoo, we kichwa maji.” Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kisha akaita, “Baba, naomba nitoke. Moshi unanibana.”

“Vumilia kidogo, mama,” baba alijibu kwa upole kutoka nje. “Moto ukilegea, majani yote yanaoza.”

Dada akavumilia. Wiki hiyohiyo tulimzika.

Baba hakuwasha tena moto ule. Majani yalioza yakiwa yananing'inia, naye kila asubuhi aliingia kwenye bani na kukaa pale alipokuwa amekaa dada. Mama alimpelekea uji mlangoni. Jioni aliukuta palepale, umeganda.